Tusivunje Pakiti: Waraka kwa Wenye Maduka

Kwa: Wanachama wote wa Umoja wetu wa wenye maduka na vibanda, Mombasa
Kutoka kwa: Mwenyekiti
KUH: SIGARA ZA MOJA MOJA, UGORO, KUBERI NA VIFUKO VYA NIKOTINI MIKONONI MWA WATOTO WETU

Ndugu zangu wa nyuma ya kaunta,



Nyaraka ninazowaandikia huwa ni za ada ya mwezi, mlinzi wa usiku na bei ya unga. Huu nauandika duka likiwa limeshafungwa, na mbele yangu nimelifungua daftari la madeni. Kila mmoja wetu analo. Ndilo linalojua nani mshahara wake umechelewa, nani ana mgonjwa na nani amepata mgeni. Daftari langu la mwaka jana lina ukurasa mmoja ambao nimeurudia mara nyingi, na nataka niwasimulie kilichomo kabla sijawaomba lolote.

Ni ukurasa wa nyumba ya jirani. Mume alikuwa amekwenda Ghuba kutafuta riziki. Mke alikuwa akichukua vitu kwa mkopo na kulipa pesa zikishatumwa. Aliyekuwa akitumwa dukani ni mwanawe wa miaka 14, mtoto mwenye adabu, hafiki kwenye wavu bila shikamoo. “Ami, mama asema mkate mmoja, maziwa mawili, na sigara mbili za baba. Uandike.” Nami nikaandika. Kesho yake nikaandika tena.

Mwisho wa mwezi mama yake akaja kulipa. Alipitisha kidole mstari kwa mstari kama ilivyo desturi yake: unga, sukari, mafuta ya taa. Akafika penye “sig 2”, kisha “sig 2” nyingine, kisha “sig 3”. Kidole kikasimama. Akaniuliza bila kupaza sauti: “Ami, baba watoto yuko safarini tangu kabla ya Ramadhani. Hizi sigara avuta nani?”

Wenzangu, nilijua kwamba yule bwana hayupo. Mtaa mzima ulijua. Nilimuaga mimi mwenyewe siku aliyoondoka na kumwombea safari njema. Lakini kila mtoto aliposema “za baba”, mkono wangu ulikwenda kwenye pakiti na kalamu ikaandika, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Nilimwambia yule mama nitazifuta sigara zote. Akakataa, akasema deni ni deni. Akalipa hadi senti ya mwisho, pesa ya jasho la mumewe, nami nikaipokea.

Tangu siku hiyo sijaweza kuuangalia mlango wa duka langu kwa macho yale ya zamani. Ndiyo sababu ya waraka huu.

MKONO WA MWISHO NI WETU

Tumbaku hupita mikono mingi kabla ya kufika mtaani. Kuna mkulima wa Migori anayekausha majani, kuna kiwanda, kuna wakala, kuna gari linalotuletea mzigo kila wiki. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayemwona mtoto uso kwa uso. Anayemwona akisimama kwa vidole vya miguu ili afikie dirisha ni sisi. Mkono wa mwisho kabla ya kinywa cha mtoto ni wa muuza duka.

Wala tusijidanganye kwamba ni watoto wachache wa maskani fulani. Uchunguzi uliofanywa mashuleni nchini Kenya mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu mwanafunzi 1 katika kila 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 15 alikuwa akitumia tumbaku ya aina fulani. Chukueni darasa la watoto 50 la shule iliyo karibu na duka lenu: ni kama watano. Wasichana nao wamo, ingawa tunapenda kusema kwamba hili ni tatizo la wavulana.

Na umri huo ndio unaoamua mengi. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 wanaovuta kila siku walivuta sigara yao ya kwanza kabla ya kupita miaka 18. Wenye kampuni walilijua hilo mapema. Mwaka 1984 ripoti ya ndani ya kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ya huko Marekani, ambayo umma ulikuja kuisoma baadaye kwa nguvu ya kesi mahakamani, ilisema kwamba wavutaji vijana ndio chanzo pekee cha kujaza nafasi za wanaoacha na wanaokufa, na kwamba wanaoanza baada ya miaka 24 ni 5 tu katika kila 100. Hesabu hiyo tuisome kwa upande wetu. Mtoto tukimvusha salama hadi umri huo, kuna uwezekano mkubwa hataanza kamwe. Lindo letu ni la miaka michache tu, kuanzia anapoanza kutumwa dukani hadi anapoota ndevu zikakomaa.

KUPIMA NI HURUMA, KUVUNJA NI MTEGO

Biashara yetu imesimama juu ya vipimo vidogo. Tunanunua gunia tukauza robo. Tunanunua mtungi wa mafuta ya kupikia tukauza ya kupima. Majani ya chai tunayafunga kwenye vikaratasi, sabuni ya mche tunaikata vipande, na mwenye shilingi ishirini harudi nyumbani mikono mitupu. Sijawahi kuionea haya kazi hiyo. Ni huruma kwa kibarua anayelipwa jioni na kupika usiku huo huo.

Kosa letu ni kwamba tuliichukua huruma hiyo tukaitia kwenye sigara, bila kusita kufikiri. Sukari ya kupima humtosheleza mwenye shida. Sigara ya moja moja humfungulia mlango asiyekuwa na shida nayo kabisa. Mvutaji wa miaka thelathini atanunua pakiti nzima akilazimika. Lakini mtoto wa miaka 13 hana pesa ya pakiti, hana pa kuificha, na hana ujasiri wa kuitamka mbele ya watu dirishani. Ana sarafu ya chenji ya mkate. Sarafu hiyo inatosha sigara moja na peremende moja ya kuondoa harufu, na sote tunajua kwamba vitu hivyo viwili hununuliwa pamoja. Tumeviuza pamoja.

Kuna jambo jingine tunalolifanya tukivunja pakiti. Pakiti imeandikwa onyo, ina picha ya ugonjwa inayomfanya mtu ageuze uso. Onyo hilo liliwekwa limfikie mvutaji kila anapotia mkono mfukoni. Sisi tunaliacha rafuni, tunachomoa sigara moja nyeupe isiyosema kitu, tunampa mtoto. Onyo linabaki na sisi tunaojua kusoma, sigara inakwenda kwa yule aliyestahili kuonywa.

SHERIA IMESHASEMA

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 imeharamisha kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Imeharamisha pia kuuza sigara nje ya pakiti yake, na pakiti yenyewe isiwe na sigara chini ya 10. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unazungumzia jambo hilo hilo katika kifungu chake cha 16: watoto wasiuziwe, watoto wasiuze, na sigara za moja moja zizuiwe kwa sababu zinawarahisishia watoto kuzipata. Kanuni za mwaka 2014 zilizoongeza makali ya sheria yetu zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 rufaa ikatupwa.

Nayasema haya ili asiwepo mwanachama wa kusema hakujua. Lakini sipendi tuiache kazi hii kwa hofu ya askari wa kaunti. Askari akija tutaficha pakiti iliyovunjwa chini ya kaunta, akiondoka tutairudisha. Nataka tuiache hata pale ambapo hatuonwi na mtu.

NIKOTINI NAYO HUKOPESHA

Sisi ni watu wa mikopo, basi tulizungumze hili kwa lugha tunayoielewa.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu. Huko humpa kijana utulivu kidogo na wepesi kidogo. Haimpi bure. Baada ya muda mfupi utulivu huo unaondoka na kuacha pengo ambalo halikuwepo: anakuwa mwepesi wa hasira, hawezi kutulia darasani, usingizi wa taabu. Anavuta tena, pengo linazibika, naye anaamini kwamba sigara ndiyo inayomtuliza. Kumbe imelipa deni ililoliandika yenyewe, na papo hapo imeandika jingine. Mkopeshaji wa namna hiyo tukimwona mtaani tungemfukuza kwa mawe.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Wa kijana bado unajipanga, na unachokizoea wakati huo hukishika kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana kijana hahitaji kuvuta pakiti kwa siku ili anaswe. Wengine huanza kuhangaika na hamu wangali wanavuta mara moja moja tu mwisho wa juma, na wanatuambia, nao wanaamini wasemalo, kwamba “naweza kuacha nikitaka”.

Gharama yenyewe inajulikana. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na miongoni mwao wamo zaidi ya milioni moja ambao hawakuvuta, ila walifikiwa na moshi wa wavutaji. Mtafiti Richard Doll na wenzake wa Uingereza waliwafuatilia madaktari wanaume kwa miaka 50, tangu 1951, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa karibu miaka 10 mapema kuliko wenzao wasiovuta. Katika matokeo hayo hayo mlikuwa na habari njema, ambayo nitairudia mwishoni.

ISIYO NA MOSHI SI SALAMA

Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo wengi wetu tunapojipa udhuru.

Sisi watu wa pwani tuna historia ndefu na tumbaku isiyowashwa. Neno uraibu, ambalo leo tunalitumia kwa kila kitu kinachomshinda mtu kuacha, wazee wetu walilitumia kwa ule mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku uliowekwa kwenye sinia mbele ya wageni. Lugha yenyewe inatushuhudia: kitu cha kutafuna kimekuwa jina la utumwa wa kila kitu. Wengi wetu tuliwatengenezea bibi zetu tambuu tukiwa wadogo, tukaonja chembe iliyobaki kidoleni. Nawaheshimu bibi zetu. Lakini leo tunajua kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, husababisha saratani ya kinywa, na tumbaku ikiongezwa hatari huzidi.

Ugoro nao ni tumbaku iliyosagwa, mara nyingi kwa magadi. Magadi hayawekwi kwa ladha tu. Yanaifanya nikotini ipenye upesi zaidi kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na pua. Mtoto anayetia ugoro chini ya mdomo anapokea nikotini kama anayevuta, na ndani ya tumbaku hiyo isiyo na moshi mna kemikali zaidi ya 20 zijulikanazo kuleta saratani. Saratani hizo hugusa kinywa, umio na kongosho. Saratani ya umio, mrija wa chakula, ni miongoni mwa zile zinazowaua Wakenya wengi.

Kuberi, tumbaku iliyotufikia kutoka India, ilikuja ikijiita kiburudisha kinywa. Iko kwenye kifuko kidogo chenye rangi za kung'aa, na wako wanaoitundika kwenye kamba moja na peremende. Mtoto asiyejua herufi ataona peremende mbili.

Kisha kuna hivi vifuko vyeupe vya nikotini, visivyo na jani la tumbaku, vyenye ladha ya mnanaa na matunda, vinavyowekwa kati ya mdomo na ufizi. Vilipoingia nchini mwaka 2019 vilisajiliwa kama bidhaa ya dawa. Mwaka uliofuata Wizara ya Afya ikasema usajili huo haukuwa halali. Kwa mwalimu hivi ni vigumu kuvigundua kuliko sigara. Havina moshi, havina harufu ya tumbaku, kijana anaketi dawati la mbele na kifuko kinywani na kujibu maswali. Mzazi aliyezoea kunusa shati la mwanawe hatagundua kitu. Basi mtu wa pekee anayeweza kujua ni aliyemuuzia.

Shisha siizungumzi sana, kwa kuwa si ya madukani kwetu na Kenya iliipiga marufuku mwishoni mwa mwaka 2017. Ila mwanachama mwenye kuuza makaa na ladha zake kwa siri ajue kwamba kikao kimoja cha shisha humwingizia mtu moshi mwingi kuliko sigara kwa mbali sana.

UDHURU TUNAOUJUA

Nimekuwa nikizunguka maduka yenu tangu mwezi uliopita na nimesikia majibu. Nayaweka hapa kwa heshima, kwa sababu mimi mwenyewe niliyatumia yote.

“Akikosa kwangu atapata kwa jirani.” Ni kweli, na ndiyo maana ninaandika kwa Umoja mzima, siandiki kwa mtu mmoja mmoja. Jirani anayesemwa ni mimi, na jirani yangu ni wewe. Mtaa wenye maduka saba yaliyokataa humlazimisha mtoto atembee hadi mtaa wa pili, asikojulikana. Safari hiyo peke yake itawakatisha tamaa wengi.

“Ametumwa na baba yake.” Kumtuma mtoto ni malezi yetu, wala sitaki tuache. Atumwe chumvi, atumwe mkate, atumwe dawa ya mbu. Lakini mtoto anayetumwa sigara anajifunza jina lake, bei yake na namna ya kuishika, na siku moja atajituma mwenyewe kwa jina la baba. Mimi nina ukurasa wa kuthibitisha. Baba mwenye haja ataamka kitini na kuja.

“Mimi ni mfanyabiashara, si mlezi wa watoto wa watu.” Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hao wazazi wanatuachia funguo wakisafiri. Wanatuagiza tumpe mtoto mkate akirudi shule na mama hajafika. Wanatuamini na daftari lao. Hatuwezi kupokea heshima ya ulezi asubuhi tukaikana jioni mtoto anapofika na sarafu.

“Faida itapungua.” Nimepiga hesabu ya duka langu. Faida niliyoipata kwa kuvunja pakiti wiki nzima haikufika faida ya maziwa na mkate ya siku mbili. Pigeni hesabu zenu kwa ukweli, mtashangaa ni kidogo kiasi gani tulichokuwa tukikilinda. Na mteja anayeumwa, anayekosa kazi, anayekufa mapema, ni mteja aliyepotea kwa maziwa na mkate pia.

TUNAYOYAOMBA KWA KILA MWANACHAMA

Kamati ya Umoja wetu imekubaliana mambo haya, nayo yaanze kufuatwa mara moja, ili ikifika tarehe 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, pasiwe na duka letu hata moja linalobaki nyuma.

1. Pakiti isivunjwe. Anayetaka sigara anunue pakiti kamili au aondoke salama. Hili halina rafiki wala mzee.

2. Mwenye sura ya chini ya miaka 18 asiuziwe tumbaku ya aina yoyote, wala vifuko vya nikotini, wala sigara za umeme. Ukiwa na shaka, omba kitambulisho kwa upole. “Nimetumwa” si kitambulisho.

3. Kibiriti cha gesi tulichokifunga kwa kamba kwenye chuma cha dirisha kikatwe. Kibiriti hicho ndicho kilichogeuza vibaraza vyetu kuwa mahali pa kuvutia, na watoto hujifunzia hapo kwa kuwatazama wakubwa.

4. Ugoro, kuberi na vifuko viondolewe karibu na peremende, biskuti na kalamu za shule. Na kuberi, nawasihi, msiinunue tena kwa jumla hata kidogo.

5. Tumbaku isiandikwe kwenye daftari la madeni. Kama ningekuwa na kanuni hii mwaka jana, nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

6. Watoto wetu wenyewe wanaotushikia duka tukienda kuswali, kanisani au sokoni wasiuze tumbaku. Tunawafundisha biashara, na hili lisiwe somo lao la kwanza.

7. Mabango, miavuli na zawadi zinazokuja na gari la mzigo ili tuipambe sigara zikataliwe kwa adabu.

8. Mwanachama anayevuta, asivute nyuma ya kaunta. Simhukumu. Namwomba tu asiwe bango.

KIJANA ALIYEKWISHA KUNASWA

Kukataa kuuza hakutoshi kama tutakataa kwa matusi. Kijana akija na kuomba sigara, usimwaibishe mbele ya watu, wala usimpigie kelele mama yake barabarani. Mtoto aliyefedheheshwa hatafuti msaada, anatafuta duka jingine. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba hapa hatuuzi tena. Kisha mtafute mzazi faraghani, umwambie kama ungependa wewe uambiwe. Usimwambie “mwanao ni mvutaji”. Mwambie “mwanetu anahitaji tumshike mkono”.

Mzazi naye umweleze yatakayotokea. Siku za mwanzo baada ya kuacha ndizo ngumu: kijana atakuwa mkali, atakula sana, hatalala vizuri, ataumwa kichwa. Wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache. Hamu ikija hudumu dakika kadhaa tu, na anayeweza kunywa maji, kutoka kwenda kucheza mpira au kukaa na mtu wa kuzungumza naye huivuka. Akianguka akavuta tena, asiambiwe ameshindwa, kwa kuwa wengi walioacha waliacha baada ya kujaribu zaidi ya mara moja. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya simu ya msaada isiyotozwa pesa, 1192, na ninawaomba muiandike na kuibandika pale pale palipokuwa na kibiriti.

Na ile habari njema niliyoiahidi ni hii: katika utafiti ule ule wa Doll, waliowahi kuacha wakiwa na miaka 30 waliokoa karibu miaka yao yote ambayo ingepotea. Yule mtoto wa miaka 14 basi hajachelewa. Wala kijana wa maskani wa miaka 20 hajachelewa. Mlango alioingilia bado uko wazi nyuma yake, lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na kila mwaka unaopita mwiba unazidi kuzama.

NENO LA MWISHO

Nimezihesabu sigara za ukurasa ule. Kwa mwezi mmoja zilikuwa 37. Hazikufika pakiti mbili za ishirini ishirini. Hebu tafakarini hapo. Kama kanuni yangu ingekuwa ni pakiti kamili au hapana, yule mtoto angelazimika kunitamkia “pakiti moja ya baba”, nami ningelazimika kuandika pakiti nzima kwa nyumba isiyokuwa na mvutaji. Asingeweza kuitamka. Na kama angeitamka, nina hakika kalamu yangu ingesita. Zile 37 ziliwezekana kwa sababu zilikuja mbili mbili, tatu tatu, nyepesi, zimefichwa kati ya mkate na maziwa.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama alinikaribisha chai. Kijana alikaa na sisi, ameinamisha kichwa, kisha akasema alikwisha kujaribu kuacha mara mbili na kila mara alishindwa kwa sababu alijua kwangu zipo. Sasa anajaribu mara ya tatu, na anapokuja kununua mkate hupitisha jicho pale palipokuwa na kamba ya kibiriti, naye huona nambari ya simu. Hatusemi kitu. Ninampa mkate wake na chenji yake yote.

Mkutano wetu wa mwezi ujao uko pale pale, baada ya kufunga. Nitakuja na daftari hilo. Nitaficha jina la nyumba, lakini mistari nitaiacha wazi, na kila mwanachama atakayetaka kubisha nitampa aisome kwa sauti kabla hajazungumza.

Wenu katika kazi na katika ulezi,

Mwenyekiti